Kabla hujapanda meli ya utalii, uliza nguo zitafuliwa wapi

Jioni ya Julai 20, 1998, meli ya utalii iitwayo Ecstasy iliondoka bandari ya Miami, Florida, kuelekea Key West. Ilikuwa na abiria 2,565 na wafanyakazi 916. Saa kumi na moja ilikuwa imepita kidogo tu, nchi kavu bado inaonekana, pale moshi ulipoanza kufuka upande wa tezi. Muda si muda ukawa moshi mzito mweusi.

Moto huo haukuanzia jikoni wala kwenye injini. Ulianzia kwa dobi. Mafundi walikuwa wakichomelea chuma katika chumba kikuu cha kufulia, kazi ambayo hawakuwa na kibali cha kuifanya, na cheche zikaangukia vumbi la nyuzi. Aliyewahi kutumia mashine ya kukaushia nguo analijua vumbi hilo: ule utando laini wa kijivu unaobaki kwenye chujio kila nguo zinapotoka. Katika meli kubwa, inayokausha maelfu ya taulo kila siku, vumbi hilo huvutwa na hewa ya moto hadi ndani ya mifereji ya kutolea hewa, na lisipoondolewa hujipanga humo tabaka juu ya tabaka. Moto ulisafiri ndani ya mifereji hiyo mpaka sitaha ya nyuma inakowekwa kamba za kufungia meli, kamba zikashika. Meli ikashindwa kujiendesha, ikabidi ivutwe. Hakuna aliyekufa, lakini watu zaidi ya 20 waliumia na hasara ikapita dola milioni 17. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipochunguza, lawama iliziweka kwenye uchomeleaji ule usio na kibali na kwenye kampuni iliyoacha mifereji ya dobi ijae vumbi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu watu wakisikia habari ya kufua nguo melini huiona ndogo, ya kumalizia mazungumzo. Mimi naiona kubwa. Ndani ya chombo kilichozungukwa na bahari, nguo chafu inataka maji matamu, ambayo bahari haina. Inataka joto la kuikausha, na moto ndio adui wa kwanza wa meli. Inataka pia watu wa kuifua na kuikunja usiku na mchana. Ukiifuata nguo hiyo tangu inapovuliwa hadi inaporudi imekunjwa, utaijua meli kuliko abiria aliyeshinda wiki nzima kando ya bwawa la kuogelea.

Na meli hizi si habari za watu wa mbali tena. Mombasa ina kituo chake cha abiria wa meli za utalii, na Januari 2023 ilipoingia Norwegian Dawn, wakazi walisimama kuitazama. Ndugu zetu wanaoishi Marekani na Kanada wanazipanda likizo zinapofika, wakiondokea Miami, Galveston au Seattle, na wazazi wanaokwenda kuwatembelea watoto wao huko hujikuta wamekatiwa tiketi. Vijana wetu nao, kutoka Mombasa, Kilifi, Tanga na Unguja, wanazipanda kwa kazi. Kwa hiyo jambo hili lina wasomaji wa aina mbili kwetu, wanaofuliwa na wanaofua, na wote wawili nawaandikia.

Tuanze na msafiri. Safari ya kawaida ni ya usiku saba. Katika visiwa vya Karibi joto na jasho humlazimisha mtu kubadili nguo mara mbili au tatu kwa siku: ya asubuhi, ya ufukweni, ya chakula cha jioni. Kuna jioni moja au mbili za mavazi rasmi. Ukiwa na watoto wadogo, zidisha. Ndege nazo mara nyingi humruhusu abiria begi la kilo 23, na begi la pili unalilipia. Ndipo swali linapozuka, kwa kawaida siku ya nne, soksi safi zinapokwisha.

Kampuni zimegawanyika vibaya katika hili. Carnival, Princess na Disney zimezoeleka kuweka vyumba vya kufulia katika sitaha za abiria, na unalipa dola chache kwa kila mzigo wa mashine. Cunard, na Viking katika meli zake za baharini, hutoa huduma hiyo bure pamoja na sabuni. Royal Caribbean, Celebrity na MSC, ambazo zina baadhi ya meli kubwa kuliko zote duniani, kwa miaka mingi zimewasafirisha abiria bila kuwawekea hata mashine moja ya kujifulia. Huko unatia nguo kwenye mfuko ulio kabatini, unajaza karatasi, na mhudumu wa chumba anauchukua.

Karatasi hiyo isome kabla ya kujaza. Shati lina bei yake, suruali bei yake, soksi zina bei yake, na kupiga pasi ni bei nyingine. Fulana ambayo ingekugharimu maji kidogo na sabuni ya kipande nyumbani inaweza kukutoza dola tatu au nne. Dada yangu, anayeishi Seattle na ambaye nilisafiri naye kwenda Alaska, alijaza karatasi ya nguo za wanawe wawili, akajumlisha, akaichana. Uamuzi ulikuwa sahihi, maana katikati ya safari kampuni nyingi huleta ofa ya mfuko: jaza mfuko mmoja kwa bei moja, chochote kinachoingia kinafuliwa na kukunjwa, bila pasi. Familia ikisubiri siku hiyo inaokoa pesa nyingi. Abiria wa mara kwa mara katika kampuni kama Princess na Holland America, wakifikia daraja za juu za uanachama, hufuliwa bure kabisa. Yaani aliyekwisha kulipia safari nyingi ndiye anayesamehewa, na anayepanda kwa mara ya kwanza, aliyejibana miaka kadhaa kuipata tiketi hiyo, ndiye anayelipishwa soksi. Sioni haki hapo. Meli yenye kiwanja cha kuteleza kwenye barafu, ukumbi wa kamari na maduka ya saa za thamani haiwezi kusema imekosa nafasi ya mashine nne za kufulia. Imeamua tu kutoziweka.

Palipo na mashine, kuna adabu yake. Siku ambazo meli haigusi bandari, chumba cha kufulia hujaa tangu asubuhi. Nenda wakati wa chakula cha jioni, au asubuhi meli ikiwa bandarini na wenzako wameshuka kutembea. Ukiacha nguo zikaisha kuzunguka nawe hupo, utakuta mtu amezitoa na kuzirundika mezani zikiwa majimaji, na ugomvi wa watu wazima juu ya kikaushio nimeushuhudia mwenyewe. Kaa na nguo zako. Na chujio lile la vumbi lisafishe kabla ya kuwasha kikaushio, hata kama aliyekutangulia hakufanya hivyo. Kisa cha Ecstasy kinatosha kukueleza kwa nini.

Sasa pasi. Wengi wetu hatutoki nyumbani bila pasi, kwani mtu wa pwani kuvaa kanzu au gauni lenye mikunjo ni kujiaibisha. Usiipakie. Mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kupanda, na pasi, hata ile ndogo ya mvuke, itachukuliwa na kuhifadhiwa mpaka siku ya kushuka. Mishumaa na majiko ya umeme ya kuchemshia maji hupatwa na hayo hayo. Ukali huu una historia. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalikaa London na mwaka 1914 yakapitisha mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, ambao umefanyiwa marekebisho mara nyingi tangu hapo, na kuzuia moto ni sehemu kubwa ya mkataba huo. Ukitaka kupiga pasi, utaipata pasi katika chumba cha kufulia kama meli yako inacho, au utawapa wahudumu nguo yako. La sivyo itundike bafuni ukiwa unaoga maji ya moto, mvuke utalegeza mikunjo, kisha inyooshe kwa viganja.

Kuanika kwenye roshani pia ni marufuku katika meli nyingi. Abiria hudhani wanakatazwa ili meli isionekane kama nyumba ya kupanga, na kweli sura ya meli ni sehemu ya sababu. Lakini nguo ikipeperushwa na upepo wa baharini huweza kutua popote. Na roshani zenyewe zimekwisha kuonyesha hatari yake: Machi 23, 2006, meli ya Star Princess ilishika moto ikielekea Montego Bay, Jamaika. Wachunguzi waliona kwamba kichungi cha sigara kilichotupwa ndicho kilichoelekea kuuanzisha, na kwamba moto ulienea kwa kasi kutoka roshani hadi roshani kwa sababu ya vitu vilivyokuwamo. Abiria mmoja alifariki kwa kuvuta moshi. Tangu hapo kanuni za vifaa vinavyowekwa roshani zilikazwa.

Kwa hiyo wengi huishia kufua bafuni, na hapa akina mama wa kwetu tuna elimu ambayo hakuna shule inayoifundisha. Bafu la kabini ya kawaida ni dogo kiasi kwamba ukiinama kiwiko kinagonga ukuta. Sinki ndiyo karai lako. Ziba tundu, tia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo sana, maana sabuni nyingi itakulazimisha kusuuza mara tatu nne na kumwaga maji ambayo meli imeyatengeneza kwa gharama. Loweka, fikicha kwapa na kola, suuza. Kisha usikamue kwa mikono na kuning'iniza, maana itatona usiku kucha na haitakauka. Tandaza taulo kavu kitandani, laza nguo juu yake, kunja taulo pamoja na nguo kama mkeka, halafu ikanyage au ipigie goti kwa nguvu zako zote, toka mwisho mmoja hadi mwingine. Taulo litanyonya maji ambayo mikono isingeweza kuyatoa. Ukikunjua, nguo ni nyevu tu.

Kamba ya kuanikia mara nyingi ipo: angalia ukutani mahali pa kuogea, kuna kitufe kidogo cha duara ambacho ukikivuta hutoa uzi unaofika ukuta wa pili. Uzi huo unabeba nguo nyepesi, jinzi itaung'oa. Kuta za kabini nyingi ni za chuma, hivyo ndoano za sumaku hushika barabara, na ni kitu rahisi cha kubeba. Acha mlango wa bafu wazi ili hewa kavu ya kiyoyozi iingie. Nguo za nailoni na poliesta zitakuwa zimekauka asubuhi, hata sufu nyembamba ya merino. Fulana nzito ya pamba itachukua siku nzima na zaidi, na jinzi usiiguse kabisa. Nguo za kuogelea zisuuze siku ile ile, kwa sababu chumvi na klorini hula mpira wa nguo, na mchanga ukikauka ndani ya mshono hautoki tena.

Tulipofika Ketchikan nilishukuru kwamba tulikuwa na nguo za nailoni. Mji ule wa kusini-mashariki mwa Alaska hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, na siku yetu ilikuwa na fungu lake kamili. Tulirudi melini tumelowa hadi soksi. Abiria waliovaa jinzi walikaa na miguu ya baridi siku mbili.

Kampuni nyingi huuza ziara ya kuwapitisha abiria katika sehemu za wafanyakazi: jiko kuu, chumba cha uongozaji, bohari, na kwa dobi. Nilitoa pesa nikaenda, na kwa dobi ndiko nilikotaka kufika. Kupo chini kabisa, ambako hakuna dirisha. Ukivuka mlango wa wafanyakazi, mazulia na picha za ukutani vinakoma ghafla. Panaanza ukumbi mrefu wa sakafu ya chuma iliyopakwa rangi, mabomba juu, vigari vya nguo vinasukumwa kwa kasi, watu wa mataifa mengi wanapishana. Joto unalisikia usoni kabla hujauona mlango wenyewe.

Mashine za kufulia ni kubwa kiasi cha mtu mzima kuingia. Mbele yake marundo yamepangwa kwa aina: shuka, taulo nyeupe za vyumbani, taulo za rangi za bwawani, vitambaa vya meza, sare za wapishi. Pembeni niliona mifuko ya rangi tofauti ikiwa imetengwa. Mwongozaji akaeleza kuwa ni ya nguo zinazotoka katika chumba cha abiria mgonjwa wa kuhara na kutapika. Mfuko huingia kwenye mashine ukiwa umefungwa na kuyeyukia humo humo kwenye maji ya moto, ili asiwepo mtu wa kuigusa nguo hiyo. Virusi vya noro huenea kwa haraka katika meli, na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kina mpango wake wa kukagua usafi wa meli hizi tangu mwaka 1975. Meli hupewa alama kati ya 100, na ikipata 85 kushuka chini imeanguka.

Kilichonishika zaidi ni mashine ya kunyoosha shuka. Wafanyakazi wawili husimama mbele yake, kila mmoja ameshika pembe moja. Wanaivuta shuka mpaka iwambike, wanaigusisha kwenye mikanda, mashine inaimeza, na kabla haijaisha kuingia mikono yao imekwisha kushika pembe za shuka ya pili. Hawatazamani wala hawazungumzi. Upande wa pili shuka inatoka kavu, imenyooka, imekunjwa, na mtu wa tatu anaipanga. Nilisimama hapo kwa muda, na katika muda huo hakuna aliyepumzisha mkono.

Mmoja wa wale wawili alitusikia mimi na dada tukisemezana kwa Kiswahili. Alipopokewa zamu akapita karibu yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Kilifi, mama."

Nikamuuliza kazi ikoje. Akasema, "Nguo haziishi, mama. Ukimaliza shuka, taulo zimeshuka. Ukimaliza taulo, ni vitambaa vya meza. Siku ya kubadilisha abiria ndiyo balaa." Siku hiyo abiria wote wanashuka asubuhi na wengine wote wanapanda mchana, na kila kitanda katika meli kinavuliwa na kutandikwa upya ndani ya saa chache. Nikamuuliza na zake anafua lini. Akacheka: usiku, baada ya zamu, kwenye mashine za wafanyakazi, na foleni ipo. Akatuaga kwa adabu, mwongozaji alikuwa ameanza kututazama.

Mashine zile za wafanyakazi si hisani ya kampuni. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, unataka kila meli iwe na mahali panapofaa pa mabaharia kufulia nguo zao. Mkataba huo huo unaweka ukomo: ama mtu asifanye kazi zaidi ya saa 14 katika saa 24 na saa 72 katika siku saba, ama apate mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Soma tena ukomo huo. Saa 72 kwa wiki zimehalalishwa, na mikataba ya ajira ya meli hizi mara nyingi huendelea miezi sita hadi tisa. Abiria anayetupa taulo tatu sakafuni kwa siku kwa sababu hazilipii hajui pembe za taulo hizo zinaishia mikononi mwa nani. Mimi baada ya siku ile nilitundika taulo langu nikalitumia tena, na wanangu wa dada nikawakataza kuchukua jipya kila wanapotoka bwawani.

Tumebakiwa na maji. Meli hutengeneza sehemu kubwa ya maji yake matamu baharini, ama kwa kuyachemsha maji ya chumvi kwa joto la injini na kukusanya mvuke, ama kwa kuyasukuma kwa nguvu kupita kwenye utando unaozuia chumvi. Njia zote mbili zinatumia nishati, na nishati ya meli ni mafuta. Baada ya kufulia, maji hayo huungana na ya kuogea na ya jikoni. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2008, lilikadiria maji ya namna hiyo kuwa wastani wa galoni 67 kwa kila mtu kwa siku, takriban lita 250. Chukua meli kama Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, yenye uwezo wa kubeba abiria zaidi ya 7,000 na wafanyakazi 2,350, upige hesabu mwenyewe.

Yanakwenda wapi? Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari, MARPOL, una kiambatisho cha maji ya choo. Maji ya kufulia na kuogea hayamo katika kiambatisho hicho, na ulinzi wake umeachiwa nchi moja moja. Alaska walilisikia jambo hili kwa uchungu. Julai 1999 kampuni ya Royal Caribbean ilikiri mashtaka 21 na kutozwa faini ya dola milioni 18 kwa kumwaga baharini mafuta machafu na kemikali, zikiwamo za sehemu zake za kusafishia nguo bila maji, na baadhi ya makosa hayo yalitendeka katika njia ya bahari ya Alaska. Desemba 2000 Bunge la Marekani likapitisha sheria kwa ajili ya maji ya Alaska: meli kubwa ya utalii haimwagi maji ya kufulia na kuogea mpaka iwe inakwenda angalau noti sita na iwe umbali wa angalau maili moja ya baharini kutoka ufukweni, isipokuwa kama imeyasafisha kufikia kiwango kikali kilichowekwa.

Niliitazama ile milima ya barafu na sili wanaoota jua, nikakukumbuka kwetu: matumbawe ya Mombasa, ya Chumbe, ya Mafia. Tunafurahia meli hizi kuja, na tuna haki ya kufurahi, maana madereva wa teksi, wauza vinyago na waongoza watalii wanapata riziki. Lakini nguo za watu elfu tatu zinafuliwa mahali fulani, na maji yake yanamwagwa mahali fulani. Wenye mamlaka wa Kenya, wa Tanzania Bara na wa Zanzibar waisome sheria ile ya Alaska sasa, meli zikiwa bado chache, kuliko kungoja mpaka wavuvi waanze kulalamika. Tena maji hayo hubeba nyuzi pia: kila nguo ya nailoni inayofuliwa huachia nyuzi ndogo mno zisizoonekana, na nguo zile zile nilizozisifu kwa kukauka upesi ndizo zenye tatizo hilo. Sina njia ya kulikwepa hilo zaidi ya kufua mara chache, na kufua mzigo uliojaa.

Basi wewe unayekata tiketi, au unayekatiwa na mwanao aliye ughaibuni, uliza maswali matatu kabla ya kulipa: meli ina chumba cha kujifulia, bei ni ngapi, na ofa ya mfuko huja siku gani. Wakala akishindwa kujibu, mwambie apige simu kampuni mbele yako.

Na wewe kijana unayetafuta kazi hiyo ya dobi, jua kwamba ni kazi ya halali na ya jasho, na inahitaji mafunzo ya msingi ya usalama baharini, ambayo vyuo kama Bandari Maritime Academy cha Mombasa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam ndio mahali pa kuyaulizia. Mkataba wa mabaharia, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania 2019, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kutafutiwa ajira. Unachoweza kulipia wewe ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Nimesikia vijana waliouza shamba la mama ili wapate "nafasi ya meli" ambayo haikuwapo. Ukidaiwa pesa ya nafasi, usitoe hata shilingi. Nenda Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, KMA, au TASAC kwa Tanzania Bara, au mamlaka ya bahari ya Zanzibar, uwaulize kama wakala huyo ana leseni, na jina lake waachie.